Mapafu Mapya

Bimenyimana hakupona. Naliweka hilo mbele kabisa, maana kuna watu elfu arobaini na moja waliomwona kwenye tovuti ya kanisa akiinua mikono na kusema amepona, na wengine wao mpaka leo wanabisha. Hakupona. Alivuta vumbi la chokaa miaka kumi na tisa kule uwanda wa Bugarama, kwenye mashine ya kusaga ya kiwanda kimoja, na vumbi hilo lilikuwa bado kifuani mwake siku barua ilipofika mjini kwake Kamembe.

Barua yenyewe ilikuwa imelala wiki nzima kwa kiongozi wa mtaa, ambaye alisema alisahau. Bimenyimana alikwenda kuichukua Jumanne, akarudi nayo mkononi, akakaa kwenye benchi mbele ya mlango kusubiri pumzi zimrudie. Hakuifungua. Alimngoja mke wake, Nyirabahire, atoke sokoni alikokuwa anauza sambaza, dagaa wa ziwani, na binti yao Uwera atoke kanisani, kwa kuwa Uwera ndiye aliyemaliza shule na ndiye aliyejua Kifaransa cha ofisi.

"Soma polepole," Nyirabahire alisema, na beseni la samaki bado liko kichwani.

Uwera alisoma. Tume ya wafanyakazi waliougulia kazini ilikuwa imelipitia faili la baba yake. Ilikuwa imeona kwamba afya ya mwombaji imerejea, "kama alivyothibitisha yeye mwenyewe hadharani." Kwa hiyo malipo ya ulemavu hayatatolewa. Asiporidhika, akate rufaa kabla ya Jumatatu tarehe kumi na nne.

"Hadharani ya wapi?" Nyirabahire aliuliza. "Nani alimuuliza? Wapi?"

Kulikuwa na karatasi ya pili nyuma ya ile barua. Uwera aliigeuza. Ilikuwa ukurasa wa tovuti ya Huduma ya Kisima Kipya, umechapwa kwa wino uliofifia. Katikati palikuwa na picha ya baba yake, macho yamefumbwa, mikono juu. Na juu ya picha, kwa herufi nene: MAPAFU MAPYA! MFANYAKAZI WA CHOKAA APUMUA TENA. Herufi hizo alizichagua yeye Uwera. Hata ile alama ya mshangao aliiweka yeye, na siku ile aliona imependeza.

Hapa lazima nieleze desturi moja, maana mtu asiyesali na sisi atadhani Bimenyimana ni mwongo. Pale Kisima Kipya hatungoji kupata ndipo tushukuru. Tunashukuru kabla. Mtu anatoka mbele anasema amepata kazi, na kazi hajaiona. Anasema amepona, na usiku uliopita hakulala. Tunaita kukiri kwa imani. Sisi wa kwenye zile benchi tunajua kusikiliza: akisema amepona, tunaelewa kwamba anaomba, na kwamba hali ni mbaya. Tunaitikia Amina, halafu tunamsindikiza mpaka kwake tukiwa tumemshika mkono asianguke njiani. Hakuna anayedanganywa. Sasa chukua maneno hayo, yatoe mle ndani, yapeleke kwa mtu aliyekaa na simu yake Kampala au Lubumbashi, asiyemjua Bimenyimana wala benchi lake. Huyo atasikia alichosikia tu: mtu amepona.

Na nani aliyeyatoa? Alikuwa mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Lakini tusimrukie Uwera peke yake. Kuna Mbelgiji mmoja anaitwa Hugues, yuko Liège, aliyekuja mara moja, akala kuku, akaahidi kulijengea kanisa ukumbi. Alikuwa na sharti moja: tovuti ifikishe wageni elfu kumi kwa mwezi, apate cha kuwaonyesha marafiki zake wenye pesa. Wageni walikuwa mia mbili, na nusu yao alikuwa Uwera mwenyewe akiingia na kutoka kuangalia kama kuna mtu. Pasta Harelimana alimwahidi kwamba ukumbi ukija, na mshahara wake utakuja. Msichana amekaa miaka miwili nyumbani na cheti chake ukutani. Ungefanya nini? Aliweka mistari ya Biblia yenye maua. Aliweka picha za kwaya. Aliwatumia ujumbe watu wote aliosoma nao mpaka wengine wakamfungia. Wageni wakafika mia tatu na kumi.

"Watu hawaji kuangalia maua," Pasta alimwambia. "Wanakuja kuangalia mtu. Nipatie mtu."

Akampatia baba yake.

*

"Nakumbuka ile siku," Nyirabahire alisema. Beseni alikuwa ameshalitua, na inzi walikuwa wanalizunguka bila mtu kuwafukuza. "Nilikuwa ndani ya kanisa. Alikohoa mpaka bakamuletea maji mara mbili. Sasa hao ba tume waliona nini? Hawakusikia?"

Uwera alikuwa anaikunja ile karatasi.

"Uwera. Nauliza."

"Video ilikuwa ndefu, Mama. Dakika kumi na moja. Muntu hawezi kuangalia dakika kumi na moja, anatoka."

"Ulikata kikohozi?"

"Nilibakisha dakika mbili."

"Sijauliza dakika. Ulikata kikohozi ya baba yako?"

"Ndiyo."

Nyirabahire alimpiga kofi. Binti wa miaka ishirini na mbili, mlangoni, jirani wakiona. Halafu akageuka akaanza kupanga sambaza kwenye mkeka kwa fujo, akitupa waliooza na wazima pamoja. Alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Kofi lile halikuitosha hata robo.

"Mwache mutoto," Bimenyimana alisema. "Ni mimi nilisema. Hakuniwekea maneno mu kinywa."

"Na wewe nyamaza," mke wake alimwambia. "Na wewe nitakufikia."

Jioni ile ile Uwera alifanya kosa la pili, nalo lilikuwa la adabu. Nywila ya tovuti alikuwa nayo. Angeweza kuingia na kuifuta ile video kabla ugali haujaiva. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hafanyi jambo la kanisa bila kumwomba mchungaji. Akamtumia Pasta ujumbe, kwa heshima zote, akieleza shida ya nyumbani na kuomba ruhusa aiondoe. Pasta hakujibu. Alipojaribu kuingia asubuhi, tovuti ilimkataa. Nywila ilikuwa imebadilishwa.

*

Jumatano walikwenda ofisi ya tume wote watatu. Foleni ilikuwa ndefu, wengi wao watu wa Bugarama, wa mpunga na wa viwandani, wenye bahasha za kaki zilizochakaa. Bimenyimana alikaa, akasimama, akakaa tena. Walipofika dirishani saa ilikuwa ya sita, na aliyekuwa pale ni mwanamke mmoja nadhifu, Madame Mugwaneza, ambaye hakuwa mbaya. Nasema hivyo kwa haki. Hakuwa mbaya, alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka akiwa nyuma ya dirisha anaweza kukuumiza vilevile.

Alitafuta faili kwenye kompyuta. Kisha, badala ya kueleza, akageuza kioo upande wao na kuifungua ile video, sauti ikiwa juu. "Nimepona!" sauti ya Bimenyimana ikajaa chumba. "Kifua changu ni kipya!" Foleni nzima ikanyoosha shingo. Kuna mtu alicheka nyuma.

"Huyu ni nani, Mzee?"

"Ni mimi."

"Anasema nini?"

Bimenyimana alimwangalia mke wake. "Anasema amepona."

"Ni wewe ndiye unasema. Sema vizuri, niandike."

"Nasema nimepona," Bimenyimana alisema, na hapo hapo kikohozi kikamshika. Kilimkunja mpaka paji la uso likagusa ubao wa dirisha. Madame Mugwaneza alisogeza kalamu zake nyuma kidogo na kungoja kiishe.

"Madame, ile ni mambo ya sala," Nyirabahire alisema. "Kule kwetu muntu anasema mbele, halafu Mungu anafanya nyuma. Si kusema imeshafanyika."

"Mama, na mimi ninasalaka. Najua. Lakini faili haina mahali pa kuandika sala."

"Nani aliwaletea?"

"Mwanasheria wa kiwanda."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kanisa lilitaka wageni, na wageni wakaja, wa Liège, wa Kampala, wa Lubumbashi, wakiacha mikono ya kupiga makofi na mioyo myekundu chini ya video, na mmoja wao alikuwa mwanasheria mwenye kazi ya kufanya. Hakuacha moyo. Aliuchapa ule ukurasa, akaugonga muhuri, akaupeleka mezani.

"Kuko picha ya kifua," Nyirabahire aliendelea. "Ya hospitali. Iko mu faili."

"Picha ni ya mwaka jana. Video ni ya mwaka huu. Wao wanasema alikuwa mgonjwa, halafu akapona."

"Hao ba docteur wa tume, walimufungua shati? Walimushika?"

Madame Mugwaneza alitazama kwenye kioo. "Walisoma faili," alisema.

Kisha akapunguza sauti, akawaambia la kufanya. Kanisa liiondoe ile video, au Pasta aandike barua kwamba mzee hakupona. Kiletwe kimojawapo kabla ya Jumatatu saa tisa, yeye atakisukuma mbele pamoja na rufaa. Bila hicho, hana la kushika.

*

Pasta Harelimana aliwapokea Alhamisi, akawapa Fanta. Ofisini mwake kulikuwa na kompyuta mpya, na kwenye kioo kulikuwa na ramani ya dunia yenye vidoa vyekundu kila mahali alikotoka mgeni. Aliwaonyesha kwa kidole kabla hawajasema kitu.

"Hapa ni Kanada. Hapa, ona, Australia. Mtu wa Australia amemwona Bimenyimana wa Kamembe. Nyinyi mlijua siku kama hii itafika?"

"Pasta, tunaomba uitoe," Nyirabahire alisema.

"Nimepata ujumbe wa binti yako. Nimeusikitikia." Alijiegemeza. Kiswahili chake kilikuwa cha Biblia, hakikuwa na haraka. "Watu elfu arobaini na moja. Nikiitoa niwaambie nini? Kwamba Mungu amebadili mawazo?"

"Waambie hajapona. Ni kweli hajapona."

"Mama, maneno hayo ndiyo yanayomfunga. Yeye alikiri uzima. Nyumbani kuna mtu anakiri mauti kila siku. Unadhani uponyaji utaingilia wapi?"

Nyirabahire alikuwa ndiye anayemwamsha mume wake usiku, anamkalisha wima, anampaka mafuta mgongoni, anakwenda sokoni bila kulala. Aliambiwa yeye ndiye anayezuia. Aliiweka Fanta chini bila kuimaliza.

"Andika barua tu," Bimenyimana alisema kwa upole. "Video ibaki, Pasta. Barua tu, ya kupeleka ku ofisi."

"Barua hiyo ikifika mtandaoni, tumekwisha. Hugues atasemaje?" Pasta alifikiri, kisha uso wake ukachangamka, na hapa mimi ninayesimulia nashindwa kuzuia kicheko cha uchungu. "Nina wazo bora. Tufanye sehemu ya pili. Watu wanaulizia, wanaandika kila siku: yule mzee yuko wapi? Tukuonyeshe ukiwa na afya. Ukimbie kidogo tu, kutoka hapa mpaka kwenye geti. Uwera atapiga video kwa mbali."

"Akimbie?" Nyirabahire aliuliza.

"Kidogo tu. Kwa imani."

"Huyu muntu hawezi kutoka ku bomba mpaka nyumbani bila kukaa mara tatu. Na ndoo habebi, nabeba mimi. Unataka akimbie."

"Basi atembee," Pasta alisema, kama mtu anayepunguza bei.

Aliwaombea, akafumba macho, akaomba kwa muda mrefu, na walipokuwa wanatoka aliwakumbusha kuhusu Jumapili. Ibada itarushwa moja kwa moja kwenye tovuti. Hugues atakuwa anatazama na rafiki zake. Wakae benchi la mbele. Bimenyimana atasimama, atapunga mkono, ataketi. Si zaidi ya hapo. Na Uwera ashike kamera kama kawaida, kwani hakuna mwingine anayeiweza.

*

Jumamosi asubuhi Nyirabahire alikuwa anamenya mihogo nje. Bimenyimana alitoka, akakaa karibu naye, akachukua kisu cha pili. Uwera alikuwa anafua, mgongo umewaelekea, masikio yako kwao.

"Nilisema vile kwa sababu nilitaka ikuwe kweli," Bimenyimana alisema. "Na siku ile, Mama Uwera, kwa dakika moja hivi, niliona kama kifua kimefunguka. Siwezi kukudanganya."

"Sijasema ulidanganya."

"Sasa nikisimama mbele ya bantu niseme sijapona, ninabakia na nini? Kazi iliisha. Nguvu iliisha. Ilibakia hiyo neno tu."

Nyirabahire alichoma kisu kwenye muhogo na kukiacha humo.

"Utabakia na kikohozi, kama jana. Lakini itakuwa kikohozi yako, haiko ya Pasta. Alisha kula kikohozi yako, anatafuta na miguu." Alipangusa mikono. "Wazee walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Mimi sitaki kukulilia halafu bantu ba Australia baniulize: huyu si alipona?"

Bimenyimana aliendelea kumenya. Alikuwa mtu wa kumwogopa Mungu kweli kweli, na hofu yake haikuwa ya Pasta. Alihofia kwamba akilitamka, litakuwa limetiwa sahihi huko juu na halitafutika tena. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Sisi wenye vifua vizima ni rahisi kumwambia mtu aseme ukweli.

"Papa," Uwera alisema bila kugeuka. "Nisamehe."

"Nilishakusamehe."

"Mimi bado," mama yake alisema.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Walikuwa wametundika pazia jipya la zambarau nyuma ya madhabahu ili benchi zilizovunjika zisionekane Ubelgiji. Uwera alisimama karibu na nguzo, na kamera iko juu ya stendi yake ya chuma. Bimenyimana na Nyirabahire walikaa mbele kabisa, kama walivyoagizwa, mume akiwa na koti la harusi ya mtu mwingine aliloazima.

"Na sasa," Pasta alisema kwa Kifaransa kidogo na Kiswahili kingi, "yule ambaye ulimwengu mzima unamwuliza. Baba Bimenyimana, simama uwapungie wageni wetu!"

Makofi yakapigwa. Bimenyimana alisimama. Hakupunga. Alitembea hatua nane mpaka madhabahuni, akapumzika, kisha akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti. Pasta, mbele ya kamera, angemnyimaje? Akampa huku akitabasamu.

"Jina langu ni Bimenyimana."

"Amina!" watu wakaitikia.

"Mwezi wa tatu nilisimama hapa. Nikasema nimepona."

"Amina!"

"Sijapona."

"Ami..." Nusu ya kanisa ilikuwa imeshaitikia kabla masikio hayajafika.

"Nilikuwa naomba. Nyinyi munajua. Nyinyi ndio mulinishika mukono kuniludisha nyumbani. Lakini bale ba inje habakujua, na sasa ofisi inasema niko muzima, hainilipe. Ninasema mbele yenu, na mbele ya bale banaangalia: kifua changu ni kile kile. Ni kibaya kupita mwaka jana." Alikohoa. Alikohoa kwa muda mrefu kwenye kipaza sauti, hakukigeuzia pembeni, na spika mbili kubwa zikakipeleka kikohozi hicho mpaka barabarani.

Pasta alikuwa amesogea kwa Uwera. "Zima," alisema bila kusogeza midomo. Uwera alikuwa analia, na mikono yake ilikuwa imara kwenye kamera. Hakuzima.

"Ndugu yetu yuko katika jaribu," Pasta alisema kwa sauti, "tumwombee..."

"Na mimi sijapona," mtu akasema.

Alikuwa Mama Igiraneza, mwanamke wa Gashonga, benchi la nne, mzito, miguu imefungwa vitambaa. Alisimama kwa kushika bega la jirani yake. "Sukari yangu. Mulinipiga video mwezi wa tano, mukaiweka mu tovuti. Mutoto wangu iko Kigali, aliiona, akafurahi. Tangu siku ile hajatuma dawa. Namupigia, ananiambia, Mama, si ulipona? Nitamwambia nini? Nitamwambia nilidanganya mu kanisa?"

Pasta Harelimana aliinama mwenyewe, akachomoa waya ukutani, na pazia la zambarau likatoweka huko Liège. Alipoinuka alikuwa ametokwa na jasho.

"Umemwaibisha Mungu," alimwambia Bimenyimana, na sasa hakukuwa na kamera.

"Mungu alikuwa anajua, Pasta."

Saa kumi jioni wote watatu walikuwa wametolewa kwenye makundi yote ya kanisa kwenye simu: la maombi, la kwaya, la wamama, hata lile la msiba. Walitolewa mmoja mmoja, kwa majina. Video ya mapafu mapya iliendelea kubaki kwenye tovuti. Iko pale hata sasa, nenda kaone.

*

Jumatatu walifika ofisini mapema, lakini wengine walikuwa wamefika mapema zaidi, na zamu yao ilipofika ilikuwa saa nane na nusu. Uwera alikuwa na nakala ya ibada kwenye simu. Kabla hajaitoa, Madame Mugwaneza alisema ameshaiona. Mtu aliyekuwepo alirekodi, na Kamembe nzima ilikuwa imetumiana.

"Ulisema vizuri, Mzee," alisema. Kisha akashusha macho. "Shida ni hii. Sasa nina video mbili. Ni mtu mmoja, kanisa moja, kipaza sauti kimoja. Moja amepona, nyingine hajapona. Mwanasheria ameshapiga simu asubuhi. Anasema ya pili umeifanya kwa sababu ya pesa."

"Na ya kwanza ilifanywa kwa sababu ya nini?" Uwera aliuliza.

"Siyo mimi ninayesema, dada. Ninawaambia watakachosema. Rufaa nitaipokea, lakini bila kitu cha kushika wataisoma kama walivyosoma ile nyingine."

"Wataisoma," Nyirabahire alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, na waliomjua wangejua hapo ndipo pa kuogopa. Alimgeukia mume wake. Akaanza kumfungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, kuanzia shingoni. Bimenyimana alishika mkono wake. Alikuwa mtu wa haya, hata nyumbani huvaa fulana akioga nyuma ya ua. Foleni ilikuwa na watu zaidi ya thelathini, wanawake na vijana wa rika la binti yake. Walitazamana, mume na mke, na mwishowe mume ndiye aliyeuachia mkono.

Shati likafunguka. Kifua kilikuwa chembamba, mbavu zinahesabika, na ngozi katikati yake ilikuwa inaingia ndani kila alipovuta hewa.

"Njoo, Madame," Nyirabahire alisema. "Kuja huku inje. Hatutaki usome tena. Weka sikio."

"Mama, mimi si daktari."

"Najua. Ba docteur hawakukuja. Uko na sikio?"

Mlinzi alisogea, kisha akasimama. Foleni haikucheka. Madame Mugwaneza aliangalia mlango wa mkubwa wake, uliokuwa umefungwa. Aliangalia saa. Kisha alivua hereni ya sikio la kulia, akaiweka mezani, akazunguka kwa mlango wa pembeni akatoka. Aliinama mbele ya Bimenyimana, akashika nywele zake nyuma, akaweka sikio kifuani pake.

"Vuta hewa," Uwera alimwambia baba yake.

Alivuta. Sisi tuliokuwa kwenye foleni hatukusikia kitu. Madame alisikia. Tuliona uso wake, na alibaki pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akisikiliza ikipanda na kushuka. Aliponyanyuka hakumtazama mtu. Alirudi kwenye kiti chake, akaisukuma kompyuta pembeni, akatoa kwenye droo fomu ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari, akaigonga muhuri kabla hata hajaijaza, na akamwuliza Bimenyimana majina yake yote, kama yalivyo kwenye kitambulisho.